Sura ya Nne: Mafuta Yameshuka, Mbona Nauli Imegoma?

"Mafuta yakipanda, nauli inapanda siku hiyohiyo. Yakishuka, tunaambiwa tusubiri. Tunasubiri nini?"

Swali hili utalisikia kwenye kila stendi ya nchi hii, ila ukitaka kulisikia likiulizwa kwa hasira, nenda Lamadi. Lamadi ni mji wa njia panda, ndani ya Wilaya ya Busega, Mkoa wa Simiyu. Basi la Mwanza kwenda Musoma na Sirari linapita hapa, na anayekwenda Bariadi, makao makuu ya mkoa, anakata kulia. Upande mmoja kuna Ziwa Victoria, upande wa pili Hifadhi ya Serengeti, na lango la Ndabaka liko mbele kidogo kwenye barabara hiyohiyo. Karibu kila anayeishi hapa anakula kwa barabara au kwa ziwa: kuna dereva, kondakta, bodaboda, mvuvi, mchuuzi wa dagaa, mama anayeuza mahindi ya kuchemsha dirishani mwa basi. Wote hao wameshikwa na lita moja ya mafuta, hata yule ambaye hajawahi kuinunua.

Jibu fupi la swali lile ni kwamba bei ya mafuta na nauli hazipangwi na mtu mmoja, wala kwa kanuni moja, wala kwa kalenda moja. Jibu refu ndilo sura hii.

Bei inatoka wapi

Watu wengi wanaamini mwenye sheli ndiye anayepanga bei. Zamani ilikuwa hivyo. Tangu Januari 2009, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, yaani EWURA, hutangaza bei kikomo. Bei kikomo ni bei ya juu kabisa ambayo kituo kinaruhusiwa kuuzia. Mwenye kituo akitaka kuuza chini ya hapo ni ruhusa yake, akizidisha hata shilingi moja amevunja sheria. Tangazo hutoka kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na bei mpya huanza saa 6:01 usiku wa kuamkia siku hiyo.

Tangazo hilo ni jedwali refu lenye majina ya wilaya, kila moja na bei yake ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Bei za chini ziko kwenye miji ya bandari: Dar es Salaam, Tanga na Mtwara. Kadiri unavyoingia bara, ndivyo zinavyopanda. Kyerwa, kule Kagera, huwa miongoni mwa majina yaliyo juu kabisa. Sisi wa Busega na Bariadi tupo kwenye kundi la walio mbali, na tofauti yetu na Dar es Salaam ni gharama ya tenka kusafiri zaidi ya kilomita elfu moja.

Ukiipasua bei ya lita moja, ndani yake utakuta vitu hivi:

- bei ya mafuta kwenye soko la dunia, pamoja na gharama za meli, bima na malipo ya aliyeyaleta;
- gharama za bandari, maghala na ukaguzi;
- kodi na tozo za serikali;
- faida ya muuzaji wa jumla na ya mwenye kituo;
- usafiri kutoka ghalani hadi wilayani kwako.

Kitu cha kwanza kwenye orodha hulipwa kwa dola. Kwa hiyo hata mafuta yasipopanda popote duniani, shilingi ikiteremka mbele ya dola, bei hapa inapanda. Mwaka 2023, dola zilipoadimika nchini, waagizaji walihangaika kuzipata, na mahangaiko hayo yaliishia kwenye bei ya lita.

Dunia imeshuka, sisi tumepanda

Agosti 2022 ilikuwa na kichekesho chake. Redio zilisema mafuta yanashuka duniani, na kweli yalikuwa yanashuka: mwanzoni mwa mwezi huo pipa moja, ambalo ni lita 159, lilikuwa limerudi chini ya dola 100. Wiki hiyohiyo EWURA ikatangaza petroli kwa shilingi 3,410 Dar es Salaam, na huku bara ikawa juu zaidi. Watu walitukana. Wengine walisema serikali inatuibia, wengine wakasema ni wafanyabiashara.

Kilichotokea ni ucheleweshaji. Tanzania huagiza mafuta kwa pamoja: kampuni hutaja mahitaji yao, wakala wa serikali anaitisha zabuni, anayeshinda analeta meli. Tangu shehena iwekewe bei huko ilikotoka mpaka ikujie kwenye pampu Lamadi, miezi miwili hivi imeshapita. Mafuta ya Agosti 2022 yalikuwa yamewekewa bei za Juni, na Juni ya mwaka ule ndiyo iliyokuwa mbaya: vita vya Urusi na Ukraine vilikuwa vimepandisha pipa hadi wastani wa zaidi ya dola 120.

Serikali ilikuwa imeshaingiza mkono. Kuanzia Juni 2022 ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100, na ruzuku maana yake ni serikali kulipa sehemu ya bei ili mnunuzi alipe pungufu. Petroli Dar es Salaam ingekuwa 3,301 mwezi huo, ikauzwa 2,994. Mwezi uliofuata ikapanda tena, 3,220, na wengi wakaona ruzuku imeliwa. Haikuliwa. Soko la dunia lilikuwa linapanda kwa kasi kuliko ruzuku ilivyoweza kuvuta.

Kisha Septemba petroli ikaporomoka kwa shilingi 441 kwa mkupuo, hadi 2,969. Ahueni iliyokuwa kwenye habari za Agosti ikatufikia, imechelewa lakini imefika.

*Kwa ufupi:* bei unayolipa leo ni habari ya dunia ya miezi miwili iliyopita. Ukisikia leo mafuta yameshuka London, weka alama kwenye kalenda yako mbele kidogo.

Sehemu isiyotikisika

Kuna jambo jingine linalofanya bei isishuke kama tunavyotarajia, na hili halisemwi sana. Kodi zetu kubwa za mafuta hazitozwi kwa asilimia, zinatozwa kwa shilingi kamili kwenye kila lita. Pipa liwe dola 120 au dola 60, kwa kodi hizo serikali inachukua kiasi kilekile. Ndiyo maana bei ya dunia ikikatika nusu, bei ya pampu haikatiki nusu. Kinachopungua ni ile sehemu ya mafuta yenyewe. Upande wa pili wa kanuni hii unatufaa: bei ya dunia ikipaa, kodi haipai nayo.

Ila bunge linaweza kuipandisha, na limefanya hivyo mara kadhaa. Bajeti ya 2021/22 iliongeza shilingi 100 kwa lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini zinazosimamiwa na TARURA. Bajeti ya 2023/24 ikaongeza 100 nyingine kwa miradi ya kimkakati. Mimi sina ugomvi na barabara. Anayesafiri vijiji vya ndani vya Busega masika anajua zinavyohitajika. Nina ugomvi kidogo na bajeti ya 2017/18. Mwaka ule serikali ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya gari, ile stika tuliyokuwa tukibandika kwenye kioo, wenye magari wakashangilia. Kufidia pengo, ushuru ukapandishwa shilingi 40 kwa lita ya petroli, ya dizeli na ya mafuta ya taa. Yaani bibi mwenye kibatari, ambaye hajawahi kumiliki hata toroli, alianza kuchangia leseni ya gari la mtu.

Sababu ilikuwepo, na si ya kijinga. Mafuta ya taa yakiwa nafuu sana kuliko dizeli, wajanja huyachanganya. Tulishaona hayo kabla ya 2011, enzi neno uchakachuaji lilipokuwa mdomoni mwa kila mtu na injini zinakufa njiani. Dawa ikawa mbili: kuweka vinasaba, yaani kemikali za alama zinazomwezesha mkaguzi kutambua mafuta halali, na kupandisha ushuru wa mafuta ya taa ili uchakachuaji usilipe. Dawa ilifanya kazi. Bili ilikwenda kwa mwenye kibatari. Kama taa za sola zisingeingia vijijini kwa kasi ile, tungekuwa bado tunalizungumza.

Jumanne jioni kwenye sheli

Mtu aliyeishi kwenye mji wa barabarani anaijua Jumanne ya kuamkia Jumatano ya kwanza. Ikiwa kuna fununu kwamba bei itapanda, bodaboda wanajipanga kwenye pampu na vidumu vya lita tano, na mhudumu anatoka na sentensi moja: "Yameisha, mkuu." Asubuhi yake yapo. Tenka halikuonekana usiku.

Tufanye hesabu ya mwenye kituo. Tuseme ana lita 20,000 kwenye tangi lake la chini. Kati ya Julai na Agosti 2023, petroli ilipanda Dar es Salaam kutoka 2,736 hadi 3,199, ongezeko la shilingi 463. Aliyelala na lita 20,000 aliamka na zaidi ya shilingi milioni tisa ambazo hakuzitolea jasho. Miezi ile mafuta yaliadimika mikoa mingi, na EWURA ilivifungia baadhi ya vituo baada ya kubaini kuwa vilikuwa vikificha.

Hesabu hiyohiyo inafanya kazi kinyume. Bei ikitarajiwa kushuka, mwenye tangi lililojaa anapata hasara usiku mmoja. Kwa hiyo wiki ya mwisho ya mwezi haagizi, anaacha tangi likauke, na wewe unakuta pampu imefungwa kwa kamba ya manila hata pale ambapo bei inashuka. Watu huona uhaba wakadhani bei inapanda. Mara nyingine ni dalili kwamba inashuka.

Kwenye vijiji ambako hakuna sheli, mafuta yanauzwa kwenye chupa za maji kando ya njia. Bei kikomo haifiki huko. Muuzaji wa chupa amesafiri, amebeba hatari ya moto, na anajua pikipiki iliyokaukiwa haina pa kwenda. Huwa namtetea kidogo huyu, maana bila yeye mgonjwa wa kijiji cha ndani hafiki hospitali. Lakini ukweli ni kwamba mtu maskini zaidi ndiye anayenunua lita ghali zaidi. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, una mpango wa kukopesha wanaotaka kujenga vituo vidogo vijijini, na kwa maoni yangu mpango huo unastahili kelele nyingi kuliko unazopata.

Hesabu ya bodaboda

Sikiliza mazungumzo haya, yanasikika kila mwezi pale bei inapopanda:

"Mpaka mwaloni ngapi, mwanangu?"

"Buku jero, mama."

"Juzi si umenipeleka kwa buku?"

"Mafuta yamepanda, mama. Nenda kaangalie sheli."

Mama anaona ameibiwa. Kijana anaona anaonewa. Wote wana hoja, na hoja zao zinaonekana vizuri tukitumia namba.

Tuseme safari ya kwenda mwaloni, kule wavuvi wanakoshushia samaki, na kurudi kijiweni ni kilomita nane, na pikipiki inakwenda kilomita 40 kwa lita. Hiyo ni moja ya tano ya lita. Petroli ikipanda shilingi 463, safari hiyo imeongezeka gharama ya shilingi 93 hivi. Mama angelipa 1,093, mambo yangekuwa sawa. Lakini nani anatoa nauli ya bodaboda ya 1,093? Nauli hapa zinakwenda kwa jero, yaani mia tano: jero, buku ambayo ni elfu moja, buku jero, buku mbili. Kijana ana njia mbili tu: abaki kwenye buku na kumeza 93, au aruke hadi 1,500 na kumtoza mama zaidi ya mara tano ya kilichoongezeka.

Hapa ndipo lilipo jibu la swali letu kwa upande wa bodaboda. Mafuta yakipanda kidogo, dereva anameza. Yakipanda mara ya pili, anameza tena. Mara ya tatu anachoka, anaruka jero nzima. Sasa yakishuka shilingi 200, gharama ya safari ile imepungua shilingi 40. Ataishusha vipi? Hawezi kurudi kwenye buku kwa sababu ya arobaini, na isitoshe anakumbuka miezi aliyomeza. Nauli inakaa pale ilipo mpaka washindani wa kijiwe cha jirani waanze kuwaita abiria wake kwa bei ya zamani.

Vijana wenyewe hali yao si ya kuchekelea. Wengi pikipiki si zao. Jioni kuna hesabu ya bosi, kiasi maalumu anachokabidhi kila siku, iwe alipata abiria au hakupata. Wengine wako kwenye mkataba: analipa kila siku, na baada ya mwaka na zaidi pikipiki inakuwa yake, akikosa siku kadhaa inanyang'anywa. Anayetumia lita tatu kwa siku, kwa kupanda kule kwa 2023 pekee, aliongezewa gharama ya shilingi 1,389 kila siku. Kwa siku 26 za kazi ni zaidi ya shilingi 36,000 kwa mwezi. Hesabu ya bosi haikupungua hata mia. Bosi naye atakwambia matairi yamepanda, na atakuwa anasema kweli, maana matairi nayo yamekuja kwa lori.

Nauli ya basi ni ngoma nyingine

Mabasi na daladala nauli zao hazipangwi kijiweni. Zinapangwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, kwa shilingi kwa kila kilomita kwa abiria mmoja. Wamiliki wakitaka kupandisha, wanapeleka maombi, wananchi wanaitwa kutoa maoni, ndipo uamuzi unatoka. Mafuta yanabadilika kila mwezi. Nauli ya basi inaweza kukaa mwaka mzima na zaidi bila kuguswa.

Mei 2022 nauli ya basi la daraja la kawaida ilipanda kutoka shilingi 36.89 kwa kilomita hadi 41.29. Desemba 2023 ikapanda tena hadi 48.47. Ziweke namba hizo kwenye barabara ya lami ya Lamadi hadi Bariadi, ambayo ni kilomita 72 hivi. Kabla ya Mei 2022 abiria alipaswa kulipa kama 2,650. Baada ya hapo 2,970. Baada ya Desemba 2023, karibu 3,500.

Sasa angalia dizeli ilifanya nini katikati. Julai 2023 ilikuwa imeshuka hadi 2,544 Dar es Salaam. Abiria walidai nauli ishuke, haikushuka. Miezi mitatu baadaye, Oktoba, dizeli hiyohiyo ilikuwa 3,448. Wenye mabasi wakadai nauli ipande mara moja, nayo haikupanda siku hiyo. Ilipopanda Desemba, dizeli ilikuwa tayari imeanza kuteremka, na watu wakasema: mnaona?

Nauli iliyofungwa inamuumiza abiria mafuta yakishuka na inamlinda yakipanda. Tatizo ni kwamba siku ya kulindwa hatuioni. Hakuna aliyepanda basi Oktoba 2023 akamshukuru kondakta kwa kumtoza nauli ya mwaka uliopita.

Tofauti nyingine ni nani anayesogeza nauli. Wamiliki wa mabasi wana chama, wana wanasheria, wana jedwali la gharama. Bei zikiwabana wanaandika maombi. Abiria, nauli ikimlemea, mara chache huandika. Nauli hupanda kwa sababu kuna mtu ameomba. Ili ishuke, lazima naye awepo wa kuomba.

Na Probox? Hizo tunazoziita michomoko, zinazobeba watu wanne nyuma na wawili mbele pembeni ya dereva, zinakwenda kwa makubaliano kama bodaboda. Zikijaa haraka, nauli inakuwa ya kawaida. Zikikosa watu jioni, dereva anagawa gharama ya petroli kwa wachache waliopo.

*Kwa ufupi:* bodaboda anaruka kwa jero, basi linasubiri LATRA. Nauli zote mbili zinapanda kwa msukumo, na wa kuzisukuma zishuke ni wachache.

"Mimi sina hata baiskeli"

Mama mmoja mwenye genge aliwahi kuniambia hivyo: petroli inamhusu nini, hana hata baiskeli. Nikamwomba tuangalie meza yake pamoja.

Nyanya zilikuja kwa toyo, ile pikipiki ya matairi matatu. Vitunguu vilishushwa kwenye lori usiku. Sabuni, chumvi na mafuta ya kula vimetoka Mwanza. Mkaa umebebwa na pikipiki kutoka porini, magunia matatu nyuma kama mnara. Sukari hata usiulize. Kwenye meza nzima, kitu pekee ambacho hakikupanda gari kilikuwa mchicha, uliotoka bondeni nyuma ya nyumba, na siku za kiangazi hata huo unamwagiliwa kwa pampu ya petroli.

Gesi ya kupikia nayo ina habari yake. Inaagizwa kwa dola kama petroli, inasafiri kwa lori kama petroli, lakini EWURA haiitangazii bei kikomo ya kila mwezi. Kwa hiyo mtungi wa kilo sita bei yake Lamadi na bei yake Mwanza zinaamuliwa na wauzaji wenyewe. Serikali imezindua mkakati wa kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Kaya inayohama kutoka kuni za bure kwenda kwenye mtungi inaingia, kwa mara ya kwanza, kwenye foleni ya watu wanaoyumbishwa na soko la dunia la mafuta. Moshi unapungua jikoni, na hilo ni jambo kubwa, ila anayehama anapaswa kuambiwa na upande huo.

Mashine za kusaga ndizo zimepata nafuu. Kijiji kilichofikiwa na umeme, mwenye mashine ameachana na injini ya dizeli, na bei ya kusaga debe haichezi na Jumatano ya kwanza. Wakulima nao: Msukuma analima kwa plau na ng'ombe wake, na ng'ombe hajui EWURA. Anayekodi trekta ndiye anayekuta bei ya ekari imebadilika tangu msimu uliopita.

Wanaopigwa pande mbili

Mjini Dar es Salaam, mafuta yakipanda, mtu ananunua dagaa kwa bei ya juu zaidi. Anaumia upande mmoja. Lamadi tunaumia pande mbili, na hili nataka msomaji wa mjini alielewe vizuri.

Mvuvi anaingia ziwani na mashine ya petroli. Lita zake za usiku zimepanda. Anarudi alfajiri mwaloni na kumkuta mnunuzi wa Mwanza ana daftari lake. Mnunuzi anaanza na bei anayoweza kuuzia Mwanza, anatoa nauli ya mzigo, anatoa faida yake, na kinachobaki ndicho anachompa mvuvi. Usafiri ukipanda, kinachobaki kinapungua. Mvuvi ametumia zaidi kuvua na anapata pungufu kwa kilichovuliwa. Unga na sukari atakavyonunua kwa hela hiyo vimekuja kwa lori lililojazwa dizeli ileile.

Mpunga ni hivyohivyo. Choroko ni hivyohivyo. Pamba, ambayo Simiyu ni miongoni mwa mikoa inayoongoza kuilima, husombwa kwa malori hadi viwanda vya kuchambulia, na mnunuzi anajua bei ya kila kilomita. Sehemu iliyo mwisho wa barabara hulipa usafiri wa kinachoingia na hukatwa usafiri wa kinachotoka.

Kwa hiyo nikiulizwa nani hasa anabeba mzigo mafuta yakipanda, natafuta mtu asiye na wa kumpelekea. Mwenye sheli anampelekea dereva. Mwenye basi, akisubiri, anampelekea abiria. Mchuuzi wa Mwanza anamrudishia mvuvi. Mama wa genge anajaribu kumpelekea jirani yake, jirani anasema nipunguzie, shoga, na mama anapunguza kwa sababu kesho nyanya zitaoza.

Unachoweza kufanya na namba hizi

Sina dawa ya soko la dunia. Nina mambo machache ambayo watu wa njia panda wanayafanya na yanasaidia:

- Bei kikomo ya wilaya yako unaweza kuipata kwenye simu kwa *152*00#, hata ya kitochi. Ijue kabla hujafika kwenye pampu, na dai risiti. Bila risiti huna malalamiko.
- Nauli ya basi ipigie hesabu mwenyewe: kilomita za lami mara kiwango cha LATRA kinachotumika. Kondakta akitaja elfu tano kwenda Bariadi siku ya gulio, utajua kiasi gani ni nauli na kiasi gani ni gulio.
- Mwenye pikipiki, andika lita na kilomita kwa wiki moja tu. Cheni iliyolegea, tairi isiyo na upepo na kabureta chafu vinakula mafuta kimyakimya.
- Anayepanda bodaboda kila siku kwenda kazini, apatane kwa mwezi, si kwa safari. Kwenye hesabu ya mwezi zile shilingi 93 zinaweza kugawanywa. Kwenye safari moja haziwezi.

Hilo la mwisho ndilo ninalolipenda zaidi, kwa sababu linatatua tatizo la jero. Mwalimu anayepanda mara 40 kwa mwezi kwa buku analipa 40,000. Mafuta yakipanda kama 2023, gharama halisi ya kijana imeongezeka shilingi 3,700 hivi. Wakikubaliana 44,000, kijana hajapoteza, na mwalimu ameepuka kulipa 60,000. Mwezi petroli ikiporomoka kama Septemba ile ya 2022, mwalimu ana pa kuanzia: "Mdogo wangu, mafuta yameshuka mia nne na arobaini na moja. Mwezi huu tufanye arobaini na moja." Hapo kijana atakuna kichwa, ataangalia ubao wa sheli ng'ambo ya barabara, atasema arobaini na mbili, na kazi itaendelea.